Ukirekebisha bagi ya muda kwenye draiva, andika na sababu yake

Kuna aina moja ya marekebisho nikiikuta kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa) roho yangu haitulii kabisa: unakuta delay (muda wa kusubiri) imeongezwa, mistari mingine yote iko vilevile, na ujumbe wa mabadiliko kwenye Git unasema "nimerekebisha tatizo la sensa", basi. Tatizo lilikuwa nini haijasemwa, hiyo namba imetoka wapi haijasemwa, na wewe unayekuja baadae huwezi kujua ukiipunguza ndio utaharibu au ukiiongeza ndio utaharibu. Mimi kazi yangu ni hivi vifaa vidogo vya kupima joto, kila siku niko navyo, na vijana wanaoanza kazi hii nawaambia kitu kimoja tu, bagi ya muda, yaani kosa la programu linalotokana na kuwahi au kuchelewa, hujaimaliza mpaka uweze kumweleza mtu mwingine kwa nini dawa uliyoweka inaponya. Ukishindwa kueleza basi bado ipo, imetulia tu inasubiri siku.

Nitumie mfano wa DS18B20 maana wengi wetu tumeishika. Ni ile sensa ya joto yenye miguu mitatu inayofanana na transista, au ile iliyofungwa ndani ya kijibomba cha chuma na waya wake mrefu. Ilitoka kwa Dallas Semiconductor, Dallas ikanunuliwa na Maxim mwaka 2001, Maxim nayo ikaingia Analog Devices mwaka 2021, kwahiyo usishangae ukikuta datashiti zake (karatasi za maelezo za kiwanda) zina majina matatu tofauti. Inaongea kwa waya mmoja tu wa data, hiyo njia inaitwa 1-Wire, na kwa kuwa hakuna waya wa pili wa kuhesabu mapigo, kila kitu kinategemea muda. Biti ni 0 au ni 1 kutegemeana na waya ulikuwa chini au juu kwenye mikrosekunde fulani. Sasa hapo ndio utamu na ndio balaa.

Sisi tunaziweka kwenye matangi ya kupozea maziwa, yale ya vituo vya kukusanyia vijijini, mfugaji analeta asubuhi, wengine jioni, maziwa yanatakiwa yashuke mpaka nyuzi 4 na yakae hapohapo mpaka gari la kiwanda lije. ESP32, kikompyuta kidogo chenye waifai ndani yake, inasoma joto kila dakika, inatuma kwa waifai, na joto likipanda msimamizi wa kituo anapata meseji hata kama ni saa nane usiku. Draiva ya kusoma sensa tuliirithi, iliandikwa na watu waliotutangulia kwenye mradi, na ilikuwa na mambo mawili yanayosumbua. La kwanza, kila umeme ukikatika na kurudi, kipimo cha kwanza kinakuja nyuzi 85. La pili, tangi limetulia usiku kucha kwenye 4, ghafla linaonyesha 12, dakika inayofuata limerudi 4, halafu siku nyingine linaonyesha 20, halafu linakaa vizuri wiki nzima. Msimamizi anaamka anawasha tochi anaenda kushika tangi, tangi la baridi kabisa. Ukimwamsha mtu hivyo mara kwa mara anaacha kuamini meseji, na siku kompresa ikifa kweli atageuka upande wa pili alale, na maziwa ya wafugaji kibao yanamwagwa. Ndio maana hili jambo silichukulii kirahisi.

Kitu cha kwanza, usikimbilie kurekebisha, soma hizo namba kwanza maana zinaongea. 85 sio joto la kubahatisha. Datashiti inasema wazi kwamba sensa ikiwashwa tu, rejista yake ya joto (pale inapohifadhi namba ya kipimo) inakuwa na 85 kabla haijapima chochote, kwahiyo ukiona 85 kwenye tangi la maziwa maana yake umesoma kabla sensa haijamaliza kazi yake ya kwanza. Nikaenda kwenye draiva nikakuta inatuma amri ya kupima halafu inasubiri milisekunde 200 halafu inasoma. Kwa nini 200? Hakuna neno. Lakini ukiangalia datashiti unaona kipimo cha biti 9 kinaweza kuchukua mpaka milisekunde 93.75, biti 10 ni 187.5, biti 11 ni 375 na biti 12 ni 750. Kwahiyo hiyo 200 ilikuwa sahihi kabisa siku ilipoandikwa, mtu alikuwa anatumia biti 10 akaongeza nafasi kidogo. Baadae mwingine akataka usahihi zaidi akahamia biti 12, akabadilisha mpangilio wa sensa, na hiyo 200 akaiacha palepale maana hakuna kilichomwambia kwamba vitu hivyo viwili vimefungwa pamoja. Mstari mmoja tu wa maelezo ungeokoa.

Na angalia ubaya wake ulivyojificha. 85 inaonekana mara moja tu, pale umeme unaporudi. Baada ya hapo sensa inakuwa na kipimo cha zamani kwenye rejista, wewe ukisoma mapema unapata kile cha dakika iliyopita, kinaonekana cha kawaida kabisa, hakuna anayestuka, ila mfumo mzima unakuonyesha joto lililochelewa dakika nzima. Mtu angesema "basi tukiona 85 tuitupe" na wote wangefurahi, huku vipimo vyote vingine vikiendelea kuwa vya nyuma. Hii ndio sababu nasema ujue kwanini, maana dalili inayokusumbua mara nyingi ni kipande kidogo tu cha ugonjwa.

Sasa 12 na 20. Hapa acha kuangalia nyuzi, angalia biti zenyewe. Kwenye biti 12 kila hatua ni nyuzi 0.0625, kwahiyo nyuzi 4 ni hatua 64, yaani 0x0040 kwa maandishi ya heksadesimali. Nyuzi 12 ni hatua 192, yaani 0x00C0. Nyuzi 20 ni 320, yaani 0x0140. Ziweke hizo tatu pamoja utaona kilichobadilika kila mara ni biti moja tu, iliyotakiwa kuwa 0 imekuwa 1, kwenye 12 ni biti yenye uzito wa nyuzi 8 na kwenye 20 ni ile yenye uzito wa nyuzi 16. Maziwa ya tangi zima hayawezi kupanda nyuzi 8 kamili ndani ya dakika na kushuka nyuzi 8 kamili dakika inayofuata, hilo ni kosa la kusoma. Halafu nikapitia kumbukumbu za nyuma zote tulizokuwa nazo, kosa lilikuwa upande mmoja tu, 0 inageuka 1, hakuna hata sehemu moja 1 iligeuka 0. (Ikiangukia biti za juu za alama ya hasi unapata namba ya ajabu chini ya sifuri, ndio maana nasema usiangalie nyuzi angalia biti, la sivyo utasema kosa linapanda na kushuka.) Huo upande mmoja ndio uliotuonyesha njia yote.

Kwa sababu gani? Kusoma biti moja kunakwenda hivi: ESP32 inavuta waya chini angalau mikrosekunde 1 halafu inauachia. Kama sensa inataka kusema 0, inaushikilia waya uendelee kuwa chini. Kama inataka kusema 1, inauacha, na rezista ya kilo-omu 4.7 inauvuta juu. Wewe unatakiwa uwe umeshasoma ndani ya mikrosekunde 15 kuanzia pale ulipovuta, maana sensa haikuahidi kushikilia zaidi ya hapo. Ukichelewa, sensa imeshaachia, rezista imeshavuta waya juu, unakuta 1 mahali palipokuwa na 0. Yaani kuchelewa kunatengeneza 1 na hakuwezi kutengeneza 0. Kwahiyo tulikuwa tunachelewa kusoma, mara chache, sio mara zote.

Na nani alikuwa anatuchelewesha? Task (kazi ndogo ndani ya programu) ya kusoma sensa ilikuwa imewekwa kwenye kori (kiini cha prosesa) ileile inayoendesha waifai. Ikitokea ESP32 imevuta waya chini na kuuachia, halafu kabla haijasoma ikaja intarapti (wito wa dharura) ya waifai, prosesa inaacha ilichokuwa inafanya inakwenda kuihudumia kwanza, ikirudi mikrosekunde 15 zilishapita zamani. Mezani kwako haitokei maana hapo waifai iko karibu na haina kazi kubwa, kule kituoni mtandao ni wa shida, pakiti zinatumwa na kurudiwa, intarapti zinakuwa nyingi. Tena usipumbazwe na sensa moja kufanya kazi vizuri: nyingi zinashikilia waya muda mrefu kuliko hizo 15 zilizoahidiwa, kwahiyo unaweza kusoma kwenye 25 na ukapata jibu sahihi mwaka mzima, halafu ukabadilisha sensa, au ukanunua zile zisizo za kiwanda chenyewe ambazo zimejaa sokoni, na kila kitu kikavurugika wakati programu hujaigusa. Unachoruhusiwa kutegemea ni kilichoandikwa kwenye datashiti, sio tabia ya kipande ulichonacho mkononi.

Sasa tulipokaa kujadili dawa yakaja mawazo matatu, na nayataja kwa sababu utayasikia kila mahali. Moja, chuja kwenye seva, kipimo kikiruka zaidi ya nyuzi kadhaa kwa mara moja kitupwe. Nilikataa, kwa sababu siku mtu ameacha mfuniko wazi akamwaga maziwa ya moto ya asubuhi juu ya ya baridi, joto litaruka kweli, na hicho ndicho tunacholipwa kukigundua. Pili, soma mara tatu chukua mbili zinazofanana. Hiyo ina faida yake lakini peke yake haitibu kitu, waifai ikibanwa inabanwa kwa muda, zote tatu zinaweza kuharibika. Tatu, na hili ndilo la kila siku, "ongeza delay kidogo".

Hapa naomba tuelewane vizuri maana ndio kiini cha yote. Namba za muda kwenye datashiti ziko za aina mbili na hazitibiwi sawa. Kuna kikomo cha chini, yaani subiri angalau kiasi hiki, na kuna kikomo cha juu, yaani usizidishe kiasi hiki. Kusubiri maji yachemke ukikaa zaidi hupotezi kitu, ila kuwahi basi ukikaa zaidi limeondoka. Zile milisekunde 750 za kupima ni maji ya kuchemka, ukisubiri 800 hakuna ubaya. Hizi mikrosekunde 15 za kusoma biti ni basi. Mtu akiongeza delay kwenye kusoma biti kwa sababu kule kwenye 750 iliponya, anazidisha ugonjwa uleule. Kwahiyo kabla hujagusa namba yoyote jiulize hii ni ya aina gani, na ukishajua iandike hapohapo, neno moja tu, chini au juu, linatosha kumwokoa mwenzako.

Na kuna namba zenye vikomo vyote viwili, hizo ndio ngumu. Hizo mikrosekunde 15 ziko hivyo, maana ukisoma mapema sana nako kuna shida yake, waya haupandi juu kwa mara moja. Chukua waya wa mtandao wa Cat5, una kama pikofaradi 50 kwa kila mita (hicho ni kipimo cha chaji ambayo waya unabeba, ikiwa nyingi unapanda polepole), mita 20 ni pikofaradi 1000, na rezista ya 4.7k inachukua kama mikrosekunde 6.5 kuupandisha mpaka ESP32 ikubali kwamba huo ni 1 (inataka asilimia 75 ya volti 3.3). Mita 40 ni mara mbili yake, 13. Laibrari ya OneWire ya Arduino inavuta chini mikrosekunde 3, inaachia, inasubiri 10, inasoma, kwahiyo inasoma kwenye 13. Kwa mita 20, 3 jumlisha 6.5 ni 9.5, umewahi. Kwa mita 40, 3 jumlisha 13 ni 16, waya haujafika juu bado na wewe umeshasoma, 1 imekuwa 0. Umeona? Hapo kosa linageukia upande wa pili kabisa. Kwahiyo ukikuta 1 zinageuka 0 acha intarapti, angalia urefu wa waya na uweke rezista ndogo, 2.2k kwa mfano. Ukikuta 0 zinageuka 1 rezista haitakusaidia, tafuta nani anakuchelewesha.

Dawa yetu ikawa hivi. Tumezuia intarapti kuanzia pale waya unapovutwa chini mpaka biti inaposomwa, yaani mikrosekunde 13, halafu tunazifungulia palepale. Kuna aliyeuliza kwa nini tusizuie tu kwa kipindi chote cha kusoma, ingekuwa rahisi kuandika. Sensa inatoa baiti 9, hizo ni biti 72, kila biti na kama mikrosekunde 66, hiyo inakaribia milisekunde 5 umeifungia prosesa nzima, waifai inateseka na chochote kingine kinachosubiri kinateseka, wakati ukweli ni kwamba sehemu inayoumia ukichelewa ni zile 13 tu. Mapumziko ya baada ya kusoma yana kikomo cha chini peke yake, intarapti ikiingia hapo ikakaa hakuna kinachoharibika. Tukasogeza pia hiyo funksheni kwenye RAM ya ndani, kwa sababu kwenye ESP32 programu inakaa kwenye flashi na kipande ambacho hakijaletwa kwenye kashe lazima kikasubiriwe, na hakuna maana ya kuzuia intarapti halafu ukakwamia kwenye kusubiri flashi. Na uangalie vizuri, funksheni unazoziita ndani yake nazo ziwe kwenye RAM, kubadilisha pini na kusubiri vyote viwili, la sivyo umefunga mlango wa mbele wa nyuma uko wazi.

Upande wa milisekunde 750 nao kuna mtego mdogo ambao watu wengi hawaujui. FreeRTOS, mfumo unaogawa muda wa prosesa kwa task kwa vipande vinavyoitwa tiki, ukiiambia task ilale tiki 75, na kila tiki ni milisekunde 10 kama ESP-IDF (zana za kuandikia programu za ESP32) inavyokuja yenyewe bila kubadilishwa, haikuahidi 750, inaweza kukuamsha baada ya 740 na kitu maana tiki ya kwanza ulishaingia katikati yake. Kwa kikomo cha chini hilo ni kosa. Ongeza tiki moja, na andika kwamba umeongeza kwa sababu hiyo, maana nakuhakikishia kuna mtu atakuja kuona 76 aseme hii ni makosa ya hesabu, airudishe 75.

Na CRC. Draiva ilikuwa inasoma baiti mbili za joto tu inaacha, wakati sensa inatoa baiti 9 na ya tisa ni CRC, namba inayokokotolewa kutoka kwenye data ya kuhakiki nane zilizotangulia. Tukaanza kusoma zote, CRC ikikataa kipimo hakitumwi na hesabu ya makosa inaongezeka. Hii ilitibu na kitu kingine, waya wa data ukichomoka biti zote zinakuwa 1, na kwa draiva ya zamani hiyo ilikuwa inasomeka nyuzi -0.0625, yaani karibu na sifuri, mtu anaona tangi limepoa sana kumbe sensa haipo kabisa. Lakini CRC sio mbadala wa dawa ya kwanza. CRC inakuambia umeibiwa, haimzuii mwizi, na ukiiweka peke yake ukasema bagi imeisha utakuwa na vituo vinavyokosa vipimo kila mtandao ukisumbua.

Utajuaje kama maelezo yako ni ya kweli? Watu wengi wanaweka dawa, wanakaa siku mbili, tatizo halijarudi, wanafunga. Kwa bagi inayotokea mara moja kwa wiki siku mbili hazisemi kitu. Mimi nataka kwanza niweze kuileta bagi kwa amri yangu. Tukaweka task inayotuma data mfululizo kwenye waifai bila kupumzika, makosa ambayo kituoni tulikuwa tunayaona kwa nadra yakawa yanamiminika. Halafu tukafanya kinyume, tukazima waifai kabisa lakini tukachelewesha kusoma makusudi mpaka mikrosekunde 40, na makosa yakaja yaleyale, 0 kuwa 1, upande uleule. Hapo ndio nikaamini, maana tumeitengeneza kwa njia ya pili bila kumgusa mtuhumiwa na ikatoa alama zilezile. Baada ya dawa tukarudisha lile fujo la waifai, hesabu ya CRC ikakaa sifuri.

Usipime kwa kuchapisha maandishi ndani ya sehemu yenye muda. Kwenye spidi ya biti 115200 kwa sekunde herufi moja inachukua kama mikrosekunde 87, yaani zaidi ya biti nzima ya sensa, ukiweka maandishi hapo unapima kitu kingine kabisa, na mara nyingi bagi inahama au inatoweka. Chukua pini ya bure, ipandishe unapovuta waya, ishushe unaposoma, halafu tazama kwa lojiki analaiza (kifaa cha kurekodi mapigo ya waya), zile ndogo za chaneli 8 zinazopima mara milioni 24 kwa sekunde zinatosha na ziada. Na usiangalie wastani. Wastani wetu ulikuwa 13 na pointi kadhaa hata kabla ya dawa, mzuri kabisa, tatizo lilikuwa kwenye ile moja iliyochelewa kuliko zote.

Ukitaka kuona maelezo ya muda yaliyoandikwa na watu wanaojali, fungua kerneli ya Linux, faili la drivers/w1/w1_io.c, uangalie funksheni ya kurisiti waya, yaani kuuanzisha upya kabla ya kuongea na sensa. Ile kurisiti inataka waya uwe chini angalau mikrosekunde 480. Aliyeandika ameeleza kwamba ungwana ungekuwa kulala ili prosesa ifanye kazi nyingine, ila datashiti ya 18B20 imeweka kikomo cha juu cha 960, na kwa kuwa hawezi kulala kwa usahihi wa mikrosekunde ameamua kuzunguka palepale (prosesa inasubiri bila kufanya kingine) kwa 500. Kisha mistari michache chini yake, kwenye kusubiri kwa mwisho kabla ya amri inayofuata, amesema hapa hakuna kikomo cha juu kwahiyo kulala ni salama, akaweka msleep(1), yaani lala milisekunde 1. Umeona uzuri wake, sehemu mbili zinafanana kwa macho, zote ni kusubiri mikrosekunde mia nne na kitu, moja anazunguka nyingine analala, na sababu ya kila moja ipo. Bila hayo maelezo lazima angetokea mtu wa kuzifanya zifanane ili programu ipendeze, na angeivunja.

Yetu tumeiandika hivi juu ya funksheni yetu ya kusoma biti (us ni mikrosekunde):

// Intarapti zimezuiwa kuanzia kuvuta waya chini mpaka kusoma biti.
// Sensa inaahidi data kwa us 15 tu tangu waya ushuke. Kikomo cha JUU, usiongeze.
// 3 + 10 = 13. Tumekaa karibu na 15 makusudi, waya mrefu upate muda wa kupanda.
// Ikichelewa 0 inasomeka 1 na joto linaruka kwa biti nzima (8, 16...).
// Us 53 za mwisho ni kikomo cha CHINI, intarapti ruksa.
// Jaribio: tuma waifai mfululizo, hesabu ya CRC ibaki sifuri.

Na kwenye ujumbe wa mabadiliko tukaandika yale ambayo hayakai vizuri kwenye programu: dalili aliyoiona msimamizi, zile 0x0040 na 0x00C0 zikiwa zimewekwa pamoja, jinsi ya kuileta bagi, na njia tulizokataa pamoja na sababu za kuzikataa. Watu wanasahau hilo la mwisho lakini lina thamani kubwa sana, maana wazo la kuchuja kwenye seva lilishakuja tena kutoka kwa mtu mwingine kabisa, na jibu lilikuwa limeshaandikwa, akasoma akaelewa bila mabishano.

Kuna jambo moja la ziada tunaliandika siku hizi, nalo ni lini dawa hii iondolewe. ESP32 ina kifaa ndani yake kinachoitwa RMT kinachoweza kutoa na kupima mapigo kwa maunzi yenyewe bila prosesa kuingilia, na hata UART ya kawaida (sehemu ya maunzi ya kutuma na kupokea data biti mojamoja) inaweza kuendesha 1-Wire, ukitumia spidi ya 9600 kwa kurisiti na 115200 kwa biti. Siku tukihamia huko, hakuna tena intarapti ya kuogopa katikati ya biti, kwahiyo ile kuzuia intarapti na ile kuweka funksheni kwenye RAM vitakuwa mzigo tu na vitolewe. Ila zile milisekunde 750 na tiki yake moja zitabaki, kwa sababu huo muda ni wa sensa yenyewe kupima, haijalishi nani anaivuta waya.